Gari la Mbao Nalo Lataka Malezi

Aliyewahi kwenda shamba katika kisiwa cha Unguja analijua gari la mbao. Ni lori la zamani lililovuliwa sehemu yake ya mizigo, kisha seremala akalijengea bodi la mbao lenye paa, mabenchi marefu ya kukalia, na turubai za kushushwa ubavuni mvua inaponyesha. Juu ya paa hupandishwa mikungu ya ndizi, matenga ya samaki, magunia ya mkaa, baiskeli, na pengine kitanda cha bibi harusi. Chini ya hayo yote hunguruma injini ya dizeli ambayo mara nyingi ina umri mkubwa kuliko dereva wake. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 nayo ilikuwa na magari ya namna hii, na watu waliyaita chai maharage.

Siku hizi magari haya yanapungua. Barabara kuu za kisiwa zimetiwa lami, na mabasi madogo ya Kijapani yameshika njia nyingi, ikiwemo namba 117 ya kutoka mjini kwenda Kiwengwa, kijiji cha pwani ya mashariki katika Wilaya ya Kaskazini B. Lakini gari la mbao halijafa. Bado hubeba mizigo, bado hukodiwa kwa harusi, misiba na safari za vikundi, na bado zipo nyumba ambazo sare za shule na unga wa jioni hutoka kwenye injini hiyo kuukuu.

Sisi akina mama wa kikundi chetu cha kanisa hulikodi gari la namna hiyo mara kwa mara. Tunapokwenda Kiwengwa kwa siku mbili tatu pamoja na vijana na watoto, mchana gari hutubeba, na usiku hugeuka kuwa nyumba. Mabenchi huwa vitanda, paa huwa ghala, na ngazi ya nyuma huwa kibaraza cha kupigia soga. Wale miongoni mwetu tulio wauguzi tumezoea kulitazama kwa macho mawili: jicho la abiria na jicho la wodini. Kwa jicho hilo la pili tumeona kwamba gari kuukuu si la kuogopwa kwa sababu ya uzee wake. Kinachodhuru ni kupuuzwa. Na wanaoumia kwanza ni wale wanaolitengeneza na wanaolala ndani yake: waume zetu, wana wetu na sisi wenyewe.

Huenda wewe mama utasema, "Mambo ya injini ni ya wanaume, mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu. Nguo zenye oili unazifua wewe. Mtoto anayekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda ni wako. Siku gari lisipotoka, sufuria isiyo na kitu ni yako. Basi tusome pamoja.

Injini isiyo na plagi

Injini ya dizeli ina jina la mtu. Rudolf Diesel alikuwa mhandisi wa Kijerumani, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilikamilika mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, yale yale tunayokaangia sisi!

Katika injini ya petroli, plagi hutoa cheche ya kuwasha mafuta. Katika dizeli cheche haipo. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja kwa kumi na tano au zaidi ya nafasi iliyokuwa nayo mwanzo. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto kali mno, na nozeli inaponyunyiza mafuta kidogo kama umande, yanawaka yenyewe. Ndiyo maana injini hizi ni nzito na zina ngurumo. Ndiyo maana pia hudumu. Injini ya zamani ya dizeli haina kompyuta. Fundi mwenye spana, masikio mazuri na subira huweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena ikanguruma.

Ufundi huo ni jambo la kusifiwa. Chukua mfano wa malori ya Bedford ya Kiingereza, yaliyofahamika sana katika nchi zetu. Kampuni ya General Motors iliacha kutengeneza malori makubwa ya Bedford mwaka 1986. Tangu hapo kipuri kipya cha asili kimekuwa adimu, na mafundi wamejifunza kuishi bila dukani. Gasketi hukatwa kwa mkono. Bushi hukerezwa kwenye mashine. Injini ya Kijapani hupandikizwa kwenye chesisi ya Kiingereza, na seremala akabadilisha mbao moja moja mwaka hadi mwaka, mpaka hakuna awezaye kusema gari lile ni la mwaka gani.

Hata hivyo, injini hiyo haina siri kubwa. Inadai vitu vinne tu: hewa safi, mafuta safi, oili safi na maji ya kutosha. Ikivipata itakutumikia kama mtumishi mwaminifu. Ikivikosa itakuadhiri njiani, usiku, mbali na mji, na mama mjamzito ndani.

Lipime kama unavyompima mgonjwa

Muuguzi anapoingia wodini asubuhi haanzi kwa kupasua mtu. Hupima joto, shinikizo la damu, mapigo ya moyo na pumzi, kisha huandika. Dereva mwangalifu hufanya vivyo hivyo kabla ya safari ya kwanza.

Kwanza, oili. Gari likiwa mahali palipo sawa na injini imepoa, kijiti cha kupimia huchomolewa, hufutwa, hurudishwa, kisha huchomolewa tena na kusomwa. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi, na weusi peke yake si ugonjwa. Lakini ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na gari hilo lisitoke hata hatua moja. Kwa injini kuukuu, mafundi wengi hubadilisha oili pamoja na filta yake kila kilomita 5,000 hivi, na hawangoji.

Pili, maji ya rejeta, pamoja na mipira yake na mkanda wa feni. Mkanda uliolegea au kupasuka nyuzi ni wa kubadilishwa nyumbani, si porini.

Tatu, mafuta. Adui mkubwa wa dizeli ni maji na uchafu, na kisiwani kwetu unyevu haukosi. Filta nyingi za dizeli zina skrubu ndogo chini yake ya kutolea maji yaliyotuama. Dakika moja ya kuifungua huokoa pampu na nozeli, ambavyo ni vitu vya bei kali kuliko vyote. Filta ya hewa nayo isisahauliwe, maana vumbi la barabara ya kifusi hula silinda kimya kimya. Na tanki lisiachwe likakauka. Gari la dizeli lililoishiwa mafuta njiani mara nyingi haliwaki kwa kuongezewa mafuta tu. Hewa huwa imeingia kwenye njia ya mafuta, na lazima itolewe kwa kulegeza skrubu na kupampu kwa mkono mpaka mafuta yatoke bila povu.

Nne, breki, tairi na taa. Hapa hakuna maelezo marefu. Gari lisilowaka huwaudhi watu. Gari lisilosimama huwazika.

Kisha kuna pumzi ya gari, yaani moshi wake. Hata sisi abiria tunaweza kuusoma:

- Moshi mweusi mwingi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Pengine filta ya hewa imeziba, nozeli zimechoka, au gari limebebeshwa kupita kiasi.
- Moshi wa buluu: injini inaunguza oili yake yenyewe. Ringi za pistoni au vali zimekwisha.
- Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto: mafuta hayaungui sawasawa, au maji yanaingia ndani ya silinda.

Ukiwa kituoni na mtoto mgongoni, ukaona gari linatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, unayo haki ya kungoja jingine. Mwezi Juni mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta kila siku, yaani dereva, utingo na muuza karanga wa kituoni, ndiye aliye hatarini zaidi.

Chumvi ya Kiwengwa

Kiwengwa ni pazuri. Mchanga ni mweupe, maji hupwa mbali mpaka miamba ya baharini, na nyuma ya kijiji uko msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe wenye mapango ya mawe ya matumbawe. Lakini uzuri huo wa pwani ndio unaolimaliza gari. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba chumvi kutoka baharini, na chumvi hiyo hukaa kwenye chesisi, kwenye springi, kwenye mabomba ya breki na kwenye waya za umeme. Chuma kinachodumu miaka mingi bara huliwa na kutu upesi huku.

Dawa yake ni rahisi nayo ni maji ya kisima. Kila gari linaporudi kutoka pwani lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini yake, si ubavuni tu panapoonekana na watu. Lisipitishwe kwenye mchanga wenye maji ya bahari. Mahali palipobanduka rangi pakwanguliwe kutu na kupakwa upya kabla ya masika. Mbao nazo zigongwegongwe. Mbao nzima hulia, na iliyooza au kuliwa na mchwa hukaa kimya. Misumari na bolti zinazoshika bodi kwenye chesisi zikazwe mara kwa mara, kwa sababu siku ya ajali bodi lililoshikwa vizuri ndilo linalowabakiza watu ndani.

Kuna jambo jingine la pwani hiyo ambalo wengi hawalifikirii. Ardhi ya Kiwengwa ni mawe ya matumbawe, yenye vitundu kama sponji. Kitu kinachomwagwa juu hakikai juu, huteremka hadi kwenye maji ya visima. Fundi anapobadilisha oili chini ya mnazi na kuiacha ya zamani izame ardhini, anaimwaga karibu na ndoo ya jirani yake. Oili chafu ikusanywe kwenye dumu, ifungwe, irudishwe mjini kwa wanaoinunua au wanaoipokea. Huo ni wajibu wetu kwa jirani, hata kama jirani hakutuona.

Hatari zinazomngoja fundi

Tunaomba akina mama msome sehemu hii polepole, ikiwezekana mkiwa na mume au kijana anayeshinda gereji. Majeraha haya yanazuilika.

Kunyonya dizeli kwa mdomo. Ni desturi ya kila siku: mpira hutiwa kwenye tanki, kijana hunyonya mpaka mafuta yaje. Hatari iliyo kubwa haipo tumboni, ipo kwenye mapafu. Tone dogo likipita njia ya hewa huleta nimonia ya kemikali. Mtu hukohoa, hupumua haraka, hupata homa, na hali huweza kuzidi baada ya saa kadhaa ingawa mwanzoni alionekana mzima. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike, kwa maana akitapika mafuta yatapita tena karibu na mapafu. Mwambie tu, "Baba Neema, twende hospitali sasa hivi, si kesho." Na kwa mafuta ya taa aliyokunywa mtoto, kanuni ni hiyo hiyo. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta ni bei nafuu kuliko siku moja ya kulala wodini.

Mfuniko wa rejeta. Maji ya rejeta hukaa chini ya mgandamizo, kwa hiyo joto lake huweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, yote huchemka mara moja na kuruka usoni. Gari likipata joto kali lisimamishwe, watu washuke, na lingojwe nusu saa au zaidi mpaka mkono uweze kugusa rejeta. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa mapema. Usipake dawa ya meno, asali, majivu, yai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali, hasa akiwa mtoto au ameungua uso au mikono.

Nozeli inayonyunyiza. Fundi anapoijaribu nozeli, mafuta hutoka kwa nguvu inayozidi mara mia moja mgandamizo wa hewa ya kawaida. Ikielekea mkononi hutoboa ngozi. Nje huonekana kitundu kama cha sindano, pengine bila maumivu makubwa, na fundi hucheka na kuendelea. Ndani mafuta yanaharibu nyama. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, la sivyo anaweza kupoteza kidole au mkono.

Jeki. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Kabla ya mtu kuingia chini ya gari, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe na chesisi ikaliwe na magogo au vikalio imara. Hakuna kazi ya dakika mbili chini ya jeki tupu.

Vumbi la breki. Vitambaa vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake huweza kuleta saratani ya mapafu na ya utando wake, pengine baada ya miaka 30. Uingereza ilipiga marufuku aina zake zote mwaka 1999, lakini gari kuukuu na vipuri vya zamani huweza kuwa navyo bado. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Tena, mama, hili ni lako: katika nchi za viwanda wamepatikana wake waliougua kwa sababu tu walikuwa wakikung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao. Nguo za gereji zisikung'utwe ndani. Ziloweshwe kwanza, zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto.

Oili chafu. Mikono inayokaa ndani ya oili iliyotumika siku zote hupata upele na kukauka, na kwa miaka mingi hata saratani ya ngozi. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli. Kitambaa chenye oili kisitiwe mfukoni.

Gari linapogeuka nyumba

Madereva wengi wa shamba hulala garini ili waondoke alfajiri na wauza samaki. Vikundi vya safari hulala garini ili kuokoa fedha. Sisi wenyewe tumelala humo, tena usingizi mtamu. Lakini nyumba yenye magurudumu ina sheria zake, na ya kwanza ni hewa.

Injini isiungurume watu wakiwa wamelala ndani, iwe ni kwa ajili ya taa, redio au kuchaji simu. Bomba la moshi lililotoboka na sakafu ya mbao yenye nyufa ni njia ya moshi kuingia. Ni kweli kwamba dizeli hutoa gesi ya kaboni monoksidi kidogo kuliko petroli, lakini kidogo hicho kikifungiwa si kidogo tena.

Hatari iliyo kubwa kuliko injini ni jiko la mkaa. Usiku wa masika kuna baridi na mbu, turubai zote zimeshushwa, na mama mmoja kwa huruma yake huingiza jiko lenye makaa "ili watoto wapate joto." Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hufa njaa ya hewa wakati mapafu yanapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu wawili watatu wakilalamika kichwa kwa pamoja ndani ya gari au chumba kimoja, msitafute panadoli. Tokeni nje! Watoleeni hewani walio dhaifu, kisha waende hospitali wapewe oksijeni, hasa mama mjamzito, kwa sababu mtoto tumboni huathirika zaidi ya mama yake. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mtu ana sumu hii, basi kisiwape imani ya bure.

Kwa hiyo jiko likae nje, hatua kadhaa upande usiovuma upepo kuelekea garini, na lizimwe kwa maji kabla ya kulala. Mtungi wa gesi nao ukae nje. Dumu la dizeli na la petroli yasiwe chini ya benchi analolala mtu. Turubai za pande mbili ziachwe wazi kidogo, na badala ya kuziba kila kitundu kwa ajili ya mbu, fungeni vyandarua kwenye mbao za paa. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu miaka ya 2000, lakini haijaisha. Magurudumu yazuiwe kwa mawe, na watoto waambiwe wazi kwamba chini ya gari si mahali pa kuchezea kujificha. Dereva naye, kila asubuhi, azunguke gari lote na kuinama kutazama chini kabla ya kugusa ufunguo.

Daftari la mama

Tunajua sababu inayofanya mambo haya yapuuzwe. Siyo ujinga. Ni fedha. Mwenye gari anataka hesabu yake ya jioni, dereva anataka chake, na breki iliyokwisha husukumwa mbele mpaka Jumatatu ambayo haifiki.

Hapa mama mwenye nyumba ana nguvu kuliko anavyodhani. Kama riziki yenu inatoka kwenye gari, anza na daftari la shule, lile la kurasa 80. Upande mmoja andika tarehe ya kubadilisha oili, filta, mkanda, tairi na breki, pamoja na kilomita zilizosomwa. Upande wa pili andika akiba. Kila siku gari likirudi, kabla ya fedha haijagawanywa, toa kidogo uweke kwenye kopo la gari, kama unavyotoa chumvi ya kesho. Kiasi mtakipanga wenyewe, bora kisirukwe. Baada ya miezi michache utaona kwenye kurasa zako kwamba filta inayobadilishwa kwa wakati ni bei ya kitoweo, na pampu iliyoharibika kwa kuchelewesha filta ni bei ya ng'ombe.

Zungumza na mume wako kwa upole na kwa wakati wake, si mbele ya utingo. Usimwambie, "Gari lako bovu litaua watu." Mwambie, "Baba Neema, nimeona tulibadilisha breki kabla ya mfungo, na sasa ni karibu Krismasi. Je, tutumie kopo?" Mume anayeona mke wake ameandika tarehe husikiliza.

Na kama wewe si mwenye gari bali ni mkodishaji, kama sisi, uliza kabla ya kutoa arubuni. Breki zilitazamwa lini? Tairi la akiba lipo? Dereva amelala usiku? Watu wangapi wataingia? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kukujibu. Sisi tunaoishi visiwani tuliomboleza pamoja mwezi Septemba mwaka 2011 ilipozama meli ya MV Spice Islander ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Chombo hakijui huruma, kiwe cha bahari au cha barabara. Mizigo ikizidi, isemwe. Kikundi kizima kikikataa kupanda kwa sauti moja, tena kwa heshima, hakuna dereva atakayekiacha kituoni na nauli zake.

Ya kubandika ukutani

1. Oili, maji, mafuta, breki na tairi vitazamwe kila asubuhi kabla ya safari.
2. Mafuta hayanyonywi kwa mdomo. Aliyemeza hatapishwi, hupelekwa hospitali.
3. Rejeta ya moto haifunguliwi.
4. Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
5. Nguo za gereji hufuliwa peke yake, baada ya kuloweshwa.
6. Hakuna jiko la mkaa wala injini inayonguruma watu wakilala ndani.
7. Gari likitoka pwani lioshwe kwa maji baridi, hasa chini.
8. Daftari liandikwe, na kopo lisirukwe.

Akina mama, magari ya mbao yataondoka siku moja, kama vyombo vingi vilivyotulea. Mpaka siku hiyo ifike, yataendelea kubeba samaki wetu, maharusi wetu na watoto wetu katika barabara ya Kiwengwa. Tuyalee. Na zaidi ya hayo, tuwalinde wanaolala chini yake na spana mkononi, kwa kuwa vipuri vya gari hutafutwa vikapatikana, lakini pafu la kijana wako halina duka.